Galari Ndogo ya Picha Ndani ya Kituo cha Utamaduni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina tatu: wageni, wapiga picha wanaotaka kuonyesha kazi zao, na wale wanaoachiwa ngazi na nyundo siku ya kutundika. Tumeyachanganya makusudi, kwa sababu jibu la mmoja mara nyingi ndilo sababu ya katazo analopewa mwingine.

Galari ya namna hii ina tofauti gani na picha zilizotundikwa koridoni?

Koridoni picha ni pambo. Hukaa hadi zichujuke, na hakuna anayekumbuka zilitundikwa lini. Galari, hata ikiwa chumba kimoja, ina vitu vitatu ambavyo korido haina: mwanga unaoweza kupunguzwa na kuongezwa, ukuta usio na kazi nyingine (swichi, ubao wa matangazo na kizimamoto havikai katikati ya picha), na mtu mmoja anayewajibika kwa kila picha tangu inapoingia hadi inapotoka. Udogo si kasoro. Galari ya mpiga picha Mmarekani Alfred Stieglitz iliyofunguliwa New York mwaka 1905, ambayo baadaye ilijulikana kwa namba ya mlango wake, 291, ilikuwa vyumba vichache vidogo, nayo ilichangia sana picha kuhesabiwa kuwa sanaa. Ilifungwa mwaka 1917.

Chumba kina mita 6 kwa 8. Zinaingia picha ngapi?

Mzunguko wa kuta ni mita 28. Ukitoa mlango wa kuingilia, mlango wa dharura na dirisha, hubaki kama mita 22 hadi 24 zinazotundikika. Fremu ya upana wa sm 50, pamoja na nafasi ya sm 25 kabla ya jirani yake, hula sm 75. Hesabu itakwambia zinaingia picha 30.

Usiweke 30. Acha sm 40 kila upande wa kona, la sivyo wageni wawili wanaotazama kuta mbili watagongana mabega. Acha mita moja na nusu kwa bango la utangulizi. Acha pia ukuta mmoja upumue, wenye picha moja au mbili kubwa, ili jicho lipate pa kupumzika. Ukimaliza kutoa hayo yote utabaki na picha 18 hadi 22, na hicho ndicho kiasi ambacho mgeni anaweza kukitazama kwa makini bila kuanza kupita tu.

Kabla ya kuamua, tengeneza chumba kidogo cha kadibodi kwa kipimo cha 1 kwa 10. Sakafu yake itakuwa sm 60 kwa 80. Chapisha picha zote kwa kipimo hichohicho, zibandike kwa gundi inayobanduka, zihamishehamishe. Kazi ya siku mbili ukutani humalizika mezani kwa saa mbili, tena bila kutoboa tundu hata moja.

Picha zitundikwe urefu gani?

Kinachopimwa ni kitovu cha picha, si ukingo wake wa juu. Kitovu kiwe sm 145 hadi 152 kutoka sakafuni. Sisi hupendekeza 150 kwa watu wazima, na 140 kama maonyesho yanalenga shule. Ukishachagua kipimo, kishike chumba kizima.

Msumari hauingii kwenye sm 150, na hapo ndipo wengi hukosea. Chukua kitovu, ongeza nusu ya urefu wa fremu, kisha toa umbali kutoka ukingo wa juu wa fremu hadi pale waya unapofika ukivutwa juu kwa kidole. Fremu ya urefu wa sm 60 ambayo waya wake, ukivutwa, uko sm 8 chini ya ukingo: 150 + 30 − 8 = 172. Toboa kwenye sm 172. Usipime waya ukiwa umelegea. Ukishabeba uzito utanyooka na fremu itaning'inia chini kuliko ulivyokusudia.

Sakafu za majengo ya zamani huinama. Zikiwa hivyo, piga mstari mmoja wa pima maji au wa leza kuzunguka chumba na upime kutoka kwenye mstari huo, si kutoka sakafuni.

Kila asubuhi tunakuta fremu zimepinda. Wageni wanazigusa?

Mara chache sana. Tazama kwanza kilicho nyuma ya ukuta. Kituo cha utamaduni kina mazoezi ya ngoma, madarasa ya dansi, spika za besi, na milango mizito inayojifunga yenyewe. Mtikisiko husafiri ukutani, na fremu iliyoning'inizwa kwenye msumari mmoja huzunguka kidogokidogo usiku kucha. Dawa yake:

Tumia kulabu mbili kwa kila fremu, zikiwa mbali theluthi moja ya upana wake. Bandika vipande vya mpira laini kwenye pembe mbili za chini, nyuma. Vitaishika fremu isiteleze na vitaiachia ukuta nafasi ya hewa. Ukuta unaopakana na ukumbi wa ngoma upewe picha ndogo na nyepesi. Kubwa na za kuazima zipeleke ukuta wa upande wa pili. Kagua skrubu kila wiki, kwa sababu mtikisiko unaopinda fremu ndio huohuo unaolegeza skrubu.

Uzito nao uhesabiwe. Kioo cha unene wa mm 2 kina kilo 5 kwa kila mita ya mraba, hivyo fremu ya sm 60 kwa 80 ina kilo 2.4 za kioo peke yake, kabla ya mbao na ubao wa nyuma. Akriliki (plastiki angavu inayotumika badala ya kioo) ya unene uleule ina uzito wa karibu nusu ya huo.

Mbona chumba kina giza? Nimetoka ukumbini na sioni vizuri.

Subiri dakika mbili au tatu, macho yatazoea. Mwanga umepunguzwa kwa sababu nuru huharibu picha na uharibifu wake haurudi nyuma. Chapa (yaani picha zilizochapishwa kwenye karatasi) za rangi zilizotengenezwa kwa kemikali, picha za papo hapo, na chapa za karne ya 19 huwekewa lux 50; lux ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu. Chapa nyeusi na nyeupe za fedha na jelatini (utando unaobeba picha juu ya karatasi) huvumilia zaidi, hadi lux 100 au 150. Chapa za kisasa za wino wa chembe za rangi, zile ziitwazo pigmenti, nazo ni imara kiasi, lakini hiyo si ruhusa ya kuziweka dirishani.

Kinachohesabiwa si ukali wa taa tu, bali ukali mara muda. Lux 50 kwa saa 8 kila siku, kwa siku 90, ni lux-saa 36,000. Picha ileile kwenye lux 150 kwa muda huohuo hupata 108,000. Kwa hiyo tukitaka kuirefusha siku za maonyesho, tunapunguza taa. Tukitaka mwanga zaidi, tunapunguza siku. Taa zizimwe mara tu mlango unapofungwa, na mtu wa usafi atumie taa za kawaida za dari kwa dakika zake ishirini, si kuziacha zikiwaka hadi asubuhi.

Saianotipo, zile chapa za buluu, zina kituko chao: hupauka kwenye mwanga, kisha sehemu ya rangi hurudi zikipumzishwa gizani. Hiyo isimdanganye mtu akadhani picha zote zina tabia hiyo.

Taa ziwekwe vipi ili kioo kisirudishe sura ya mgeni?

Taa ya kumulika iwe juu, na mwanga wake ushuke kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka mstari wa wima. Dari ikiwa mita 3 na kitovu cha picha kikiwa mita 1.5, hiyo ina maana reli ya taa iwe kama sm 87 kutoka ukutani. Ikisogea karibu zaidi, fremu itamwaga kivuli juu ya picha. Ikienda mbali zaidi, kichwa cha mgeni ndicho kitakachotoa kivuli, na taa itaonekana ndani ya kioo.

Taa za LED zenye kielezo cha uhalisi wa rangi cha 90 au zaidi, na joto la rangi la kelvini 3000 hadi 4000, zinatosha. Miale ya urujuanimno isizidi mikrowati 75 kwa kila lumeni. Taa nyingi za LED hazifiki hapo, ila mwanga wa jua unaopita dirishani huvuka kwa mbali. Mlango ukitazamana na baraza lenye kioo kikubwa, weka ukuta wa kusimama au pazia zito. Zima taa za baraza, kaa mahali pa mgeni, tazama kioo. Zitazame fremu zote moja baada ya nyingine, maana kuhamisha fremu sm 20 mara nyingi humaliza tatizo ambalo watu walitaka kulinunulia kioo cha ghali.

Kipima mwanga cha simu hukisia tu. Nunueni au azimeni kipima mwanga halisi, mkiweke usawa wa picha kikitazama taa.

Naruhusiwa kupiga picha za picha?

Hutegemea makubaliano na mpiga picha, nayo huandikwa mlangoni. Flashi imekatazwa, lakini tuseme ukweli: miale michache ya flashi haiharibu chapa kama watu wanavyoamini. Inakatazwa kwa sababu inawasumbua wengine, na kwa sababu utakachopata ni doa jeupe kwenye kioo. Ukiruhusiwa, simama kidogo upande, zima flashi, na uandike jina la mpiga picha pale unapoituma.

Tuna kiyoyozi. Tatizo la unyevu limeisha?

Huenda ndilo limeanza. Picha hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 30 hadi 50 na joto la nyuzi 18 hadi 21, lakini kinachozitesa zaidi ni kupanda na kushuka. Karatasi na jelatini hunyonya unyevu, hutanuka, kisha hukauka na kusinyaa, tena kwa kasi tofauti. Matokeo yake ni chapa inayojikunja ndani ya fremu, au tabaka la juu linalopasuka. Kiyoyozi kinachowashwa saa tatu asubuhi na kuzimwa jioni huleta hali hiyo kila siku. Bora asilimia 55 isiyobadilika kuliko 40 mchana na 70 usiku. Ikikaa juu ya 65 kwa muda mrefu, ukungu huota.

Weka vipima unyevu viwili, kimoja katikati ya chumba na kingine nyuma ya fremu kwenye ukuta wa nje. Namba zikitofautiana sana, ukuta huo una unyevu. Usiutundikie kitu kabla haujakaguliwa. Fremu zote ziachiwe angalau sm 1 ya hewa kwa nyuma. Tundu la kiyoyozi lisipulize moja kwa moja juu ya picha.

Jengo kubwa huongeza lake. Watu 80 wakitoka kwenye tamasha na kuingia galari ya mita 6 kwa 8, unyevu hupanda ndani ya nusu saa. Ndiyo maana siku hizo mlango una mtu anayehesabu, na wanaingia 20 au 25 kwa zamu.

Sanduku la picha limefika. Tulifungue sasa hivi?

Liache limefungwa chumbani kwa saa 24. Picha iliyotoka mahali pa baridi, ikikutana na hewa ya joto yenye unyevu, huvuta matone ya maji ndani ya kioo. Mkilifungua, fungueni wawili: mmoja ashike, mwingine aandike ripoti ya hali. Mikwaruzo, pembe zilizobonyea, madoa, vumbi ndani ya kioo, vyote viandikwe na kupigwa picha kabla ya fremu kugusa ukuta. Ripoti hiyohiyo itasomwa tena siku ya kurudisha. Isipoandikwa siku ya kwanza, kila mkwaruzo utakuwa wenu.

Faili langu la picha liwe kubwa kiasi gani?

Kwa chapa itakayotazamwa kwa karibu, pikseli 300 kwa kila inchi. Chapa ya sm 60 kwa 40 hudai pikseli 7087 kwa 4724. Kamera ya megapikseli 24 hutoa 6000 kwa 4000, ambazo kwa kipimo cha 300 hufika sm 50.8 kwa 33.9 tu. Ila hakuna anayetazama picha kubwa pua ikiwa ukutani. Kwa pikseli 200 kwa inchi, faili lilelile hufika sm 76 kwa 51, na kutoka mita moja na nusu huoni kasoro. Tunachokataa ni faili lililopitia programu za kutumiana ujumbe, kwa kuwa limebanwa, na lililokuzwa kwa nguvu hadi nyuso za watu zikawa kama nta.

Leta TIFF (aina ya faili la picha lisilopoteza ubora) ambayo haijanolewa, yaani kingo zake hazijakazwa, kupita kiasi, na useme ni wigo gani wa rangi (kama sRGB) umetumia. Kunoa kwa mwisho hufanyika baada ya ukubwa na karatasi kuamuliwa.

Kwenye skrini ilikuwa nzuri, mbona chapa imetoka na giza?

Skrini yako inang'aa mno. Ishushe hadi mng'ao wa kandela 80 hadi 120 kwa mita ya mraba, kisha rekebisha picha upya. Halafu chapisha kipande cha jaribio cha sm 20 chenye kivuli kizito na sehemu nyeupe, ukitazame ndani ya galari yenyewe, chini ya taa zilezile, si kwenye jua nje ya duka la kuchapia. Kwa lux 50 vivuli hufungana haraka. Chapa ya chumba hicho huhitaji kufunguliwa vivuli kidogo zaidi kuliko ya sebuleni.

Chapa ya wino ikae wazi saa 24 kabla ya kuingia kwenye fremu. Vimiminika vilivyomo kwenye wino huendelea kutoka polepole, na ukifunga mapema vitaacha ukungu mweupe ndani ya kioo wiki ya pili ya maonyesho.

Fremu yoyote inafaa?

Fremu yoyote imara, lakini si kila kitu kilichomo ndani yake. Kanuni ya kwanza ni kwamba chapa isiguse kioo. Jelatini iliyobanwa kwenye kioo mahali penye unyevu hunata, na ukiivuta tabaka la picha hubaki kwenye kioo. Kinachoitenganisha ni ile kadi iliyokatwa dirisha katikati, au vipande vyembamba vya kutenganisha vinavyofichwa ukingoni. Milimita 3 zinatosha chapa ndogo. Kubwa zipewe 5 au 6, kwa kuwa hujipinda katikati.

Kadi ya dirisha iwe ya pamba au ya selulosi isiyo na asidi. Kadibodi ya kawaida huacha mstari wa kahawia kuzunguka picha baada ya miaka michache. Kadi nyingi za kuhifadhia huongezewa chokaa kidogo ili kuua asidi. Ni nzuri, isipokuwa kwa saianotipo, ambazo buluu yake hudhoofishwa na alkali. Hizo zipewe kadi isiyoongezwa kitu.

Kioo au akriliki? Akriliki ni nyepesi na haivunjiki vipande vya kukata, kwa hiyo inafaa picha zinazosafiri na kumbi zenye watoto. Ubaya wake ni mikwaruzo, na umeme tuli unaovuta vumbi. Usiiweke mbele ya picha yenye chaki, pasteli au rangi inayopukutika. Kioo hakikwaruziki upesi, ila kikisafirishwa kibandikwe utepe kwa mkingamo, ili kikivunjika kisimwagike juu ya chapa. Akriliki usiibandike utepe.

Naweza kubandika chapa kwa gundi ya pande mbili?

Hapana, kama unataka iwe na thamani kesho. Selotepu na gundi za pande mbili huchuruzika, hugeuka njano na haziondoki bila kuchana karatasi. Chapa hushikwa kwa pembe za karatasi zinazoingizwa kama mfuko mdogo, au kwa bawaba za karatasi ya Kijapani zilizopakwa uji wa wanga wa ngano. Bawaba mbili, juu tu. Chini paachwe huru ili karatasi itanuke na kusinyaa itakavyo. Ukiibana pande zote nne itavimba katikati, na hakuna fremu itakayoinyoosha.

Kibao cha maelezo kiandikwe nini?

Jina la mpiga picha, jina la picha, mwaka ilipopigwa, na kama chapa ni ya baadaye basi na mwaka wa chapa. Kisha namna ilivyotengenezwa, ukubwa wake, namba ya toleo (ni chapa ya ngapi kati ya ngapi), na mmiliki kama imeazimwa. "Picha ya rangi" si maelezo. Andika "chapa ya wino wa pigmenti kwenye karatasi ya pamba". Herufi za pointi 18 kwenda juu, nyeusi juu ya nyeupe isiyong'aa. Kibao kikae kulia kwa picha, sm 120 hadi 140 kutoka sakafuni, urefu unaomfaa anayesimama na aliye kwenye kiti cha magurudumu. Maneno ya ziada yasizidi 60. Yakizidi, wageni husoma kibao na kuisahau picha.

Nataka kuonyesha kazi zangu. Nianzie wapi?

Peleka picha 15 hadi 20 zinazosema jambo moja, pamoja na ukurasa mmoja unaolieleza na orodha ya ukubwa uliokusudiwa. Usipeleke 80 ili wengine wakuchagulie. Anayeshindwa kuchagua mwenyewe huonekana hajajua anasema nini.

Uliza kalenda ya kituo kizima, si ya galari pekee. Wiki ya tamasha la muziki ni nzuri kwa idadi ya wageni lakini mbaya kwa kutundika, maana lifti, mlango wa mizigo na mafundi wote wameshikwa na jukwaa. Pima lifti na mlango mwembamba kuliko yote njiani kabla ya kuagiza chapa ya mita 2. Anza mazungumzo miezi sita kabla. Chapa ziagizwe wiki kumi kabla, fremu wiki sita. Ukuta upakwe rangi ya maji angalau wiki moja kabla ya picha kuingia. Rangi ya mafuta isitumike, kwani mvuke wake huacha madoa kwenye chapa za fedha. Kutundika picha 20 kwa watu wawili wanaojua kazi huchukua siku mbili, na ya tatu ni ya taa.

Mkataba useme nini?

Tarehe za kupokea, kufungua, kufunga na kurudisha. Nani analipia chapa, fremu na usafiri. Bima, na hapa mkazo: iifunike picha tangu inaposhushwa ukutani kwa mwenyewe hadi inaporudishwa ukutani hapo, pamoja na barabara na stoo katikati. Bima ya jengo mara nyingi hailindi vitu vya kuazima. Andika pia matumizi ya picha kwa matangazo (zipi, ukubwa gani, hadi lini), mgawanyo wa mauzo, na ni nani mwenye ufunguo nje ya saa za kazi. Katika jengo la pamoja, swali hilo la mwisho huleta ugomvi kuliko yote.

Niliowapiga picha wanatakiwa kunipa idhini?

Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini galari nyingi hudai idhini ya maandishi pale mtu anapotambulika akiwa mahali pa faragha, hospitalini au kwenye huzuni, na idhini ya mzazi au mlezi kwa mtoto. Idhini itaje maonyesho na mtandao, kwa kuwa mtu anaweza kukubali ukutani na kukataa intaneti. Kama maonyesho yana picha za maiti, ukatili au uchi, tangazo liwe nje ya mlango. Likiwa ndani, mgeni wa darasa la watoto aliyepotea njia atakuwa ameshaziona.

Kuna picha za zamani ambazo mpiga picha hajulikani. Tunaweza kuzionyesha?

Umri peke yake hauondoi hakimiliki. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, huweka kiwango cha chini cha miaka 25 tangu picha kutengenezwa, na nchi nyingi zimeweka muda mrefu zaidi. Andikeni juhudi zote za kumtafuta mwenyewe, na kibao kiseme "mpiga picha hajulikani", si kuliacha jina tupu.

Zikija zikiwa kwenye albamu za kurasa zenye gundi na plastiki, msizichomoe kwa nguvu. Zionyesheni zikiwa humohumo au muonyeshe nakala. Zishikwe kwa glavu za naitrili. Za pamba hukwama kwenye kingo zilizochanika. Negatifu zinazonuka siki zimeanza kuoza, nazo huambukiza jirani zake: ziwekwe peke yake, mahali pa baridi, na ziskaniwe mapema. Namba ya nyuma iandikwe kwa penseli laini, kamwe si kalamu ya wino.

Siku ya ufunguzi, vinywaji viwekwe wapi?

Barazani. Si ukali; rashasha moja ya soda kwenye chapa isiyo na kioo haiondoki. Meza ikiwa nje, watu huingia na kutoka, na picha hupata kutazamwa badala ya kuegemewa. Mafundi wa jukwaa waambiwe wasitumie mashine ya moshi jioni hiyo kama mfereji wa hewa ni mmoja, kwa sababu king'ora cha moto cha galari hakijui moshi wa onyesho ni upi.

Vioo vya fremu visafishwe vipi?

Nyunyiza dawa kwenye kitambaa, si kwenye kioo. Ikinyunyizwa kioo hushuka hadi chini ya fremu, huingia kwenye kadi, na wiki moja baadaye kuna doa la mawimbi. Akriliki haitaki kitu chenye amonia. Itapata ukungu usiofutika. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa kilichokamuliwa, na ndoo isikae chini ya picha.

Nikinunua picha, naondoka nayo leo?

Hapana, hubaki hadi siku ya kufunga, na kidoti kidogo chekundu huwekwa kwenye kibao. Namba kama 3/10 maana yake ni chapa ya tatu katika toleo lenye chapa kumi. Unachonunua ni chapa. Haki ya kuichapisha upya kwenye kitabu au tangazo hubaki kwa mpiga picha, labda mkubaliane vingine kwa maandishi.

Kushusha kuna utaratibu, au ni kung'oa tu?

Shusha fremu kwanza, kulabu baadaye, na usiachie fremu sakafuni bila vipande vya sifongo chini yake. Zisimamishwe uso kwa uso, mgongo kwa mgongo, ili skrubu ya moja isikwaruze kioo cha nyingine. Ripoti ya hali isomwe mbele ya anayezichukua, naye atie sahihi kabla ya kufunga sanduku. Matundu yazibwe, yasuguliwe kwa msasa yakishakauka, na yapakwe rangi ya kopo lilelile la mwanzo. Rangi ya kopo jipya, hata ikiwa na namba ileile, huacha viraka vinavyoonekana pindi taa za kumulika zinapowashwa. Hifadhini nusu lita kila mnapopaka, na muandike tarehe kwenye kifuniko.